Kabla ya Kuchoma Sindano: Kiwele cha Mbuzi na Dawa Zisizofanya Kazi

Kwenye maduka ya dawa za mifugo, kuanzia milima ya Uluguru hadi Meru, huuzwa tyubu nyembamba ya plastiki yenye ncha butu ya kuingiza kwenye chuchu. Ndani yake mna antibiotiki iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Mfugaji wa mbuzi hununua moja tu, maana mnyama wake ni mdogo na pesa ni ya kuhesabu. Akifika bandani huigawa, nusu chuchu ya kushoto, nusu ya kulia. Maziwa yakisafika kesho yake, huona kazi imekwisha. Mabonge yakirudi baada ya wiki mbili, naye hurudi dukani.

Tendo hilo dogo limebeba makosa manne. Ncha iliyotoka kwenye chuchu yenye ugonjwa imepeleka vimelea kwenye chuchu nzima. Kila upande umepata nusu dozi. Tiba imeishia siku ya kwanza badala ya kufuata siku zilizoandikwa. Na la nne, ambalo ndilo kubwa, hakuna aliyejua kilichokuwa ndani ya kiwele kile: bakteria anayekufa kwa dawa hiyo, bakteria anayeihimili, au kitu ambacho si bakteria kabisa.

Mfugaji mwenye mbuzi wawili au ishirini hana haja ya kuwa daktari ili aepuke makosa hayo. Anahitaji kikombe cheusi, sabuni ya unga, utepe wa fundi cherehani, namba ya simu ya mtaalamu wa mifugo na daftari. Sindano inakuja baadaye, tena si kila mara.

Mbuzi si ng'ombe mdogo

Mbuzi wengi wa maziwa Afrika Mashariki ni wa kigeni au wana damu ya kigeni. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipokea mbuzi wa Kinorwe Morogoro katika miaka ya 1980, na kutoka chuoni wakapanda hadi Mgeta, ambako samadi yao hurutubisha bustani za mboga zilizobandikwa kwenye miteremko. Upande wa Kenya, Alpine wa Kijerumani walienea Nyeri na Toggenburg wakaenea Meru, hasa kupitia miradi ya miaka ya 1990. Wanyama hawa wamechaguliwa kwa vizazi vingi ili watoe maziwa. Kiwele chao ni kikubwa, kinashuka karibu na sakafu, na tundu la chuchu hufunguliwa mara mbili kila siku kwa miezi mingi mfululizo. Mbuzi wa kienyeji anayemnyonyesha mwanawe tu hafunguliwi milango yake kiasi hicho.

Kiwele cha mbuzi kina pande mbili. Kila upande una tezi zake na chuchu yake, na maziwa hayavuki kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Jambo hili ni la kushika vizuri, kwa sababu linampa mfugaji kipimo cha bure: upande mmoja ni shahidi wa mwenzake. Ukiwa mgumu, wa moto, mdogo ghafla au una maziwa tofauti na jirani yake, kuna jambo.

Ushahidi huo unahitajika zaidi kwa mbuzi kuliko kwa ng'ombe. Kwa ng'ombe, seli nyingi kwenye maziwa huashiria ugonjwa, lakini maziwa ya mbuzi mzima huwa na seli nyingi kiasili. Tezi zake zikitoa maziwa humeguka vipande vidogo vya seli vinavyoingia humohumo, na idadi ya seli huongezeka anapokaribia kukauka au anapokuwa na joto la kutaka beberu. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, ulioweka kikomo cha seli 400,000 kwa mililita kwa maziwa ya ng'ombe, haukuweka kikomo cha namna hiyo kwa mbuzi, na Marekani ikaruhusu 1,500,000 kwa mbuzi wakati ng'ombe ni 750,000. Anayesoma majibu ya mbuzi kwa macho ya ng'ombe atawadunga wanyama wazima.

Sura nne za ugonjwa

Sura ya kwanza haionekani. Maziwa ni meupe, kiwele ni laini, mbuzi anakula, ila kiasi kimepungua kidogo kidogo na mfugaji anasingizia majani ya kiangazi. Hii ndiyo sura ya kawaida kuliko zote. Mara nyingi wanaohusika ni stafilokoka wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya chuchu na viganja vya mkamuaji. Sehemu ya maambukizi hayo hupona yenyewe bila dawa.

Sura ya pili kila mtu anaijua: mabonge, maji ya njano au damu ndani ya maziwa, kiwele kimevimba, mbuzi anarusha mguu akiguswa. Hapa wanaweza kuwamo stafilokoka, streptokoka, au bakteria wa kinyesi kama E. koli.

Sura ya tatu haisubiri. Kwa kawaida huja katika siku au wiki za mwanzo baada ya kuzaa. Jioni mbuzi hakumaliza pumba zake. Asubuhi anachechemea, anaburuta mguu wa nyuma ulio upande wa kiwele kinachouma, na joto la mwili limepita nyuzi 40 wakati la kawaida ni kati ya 38.5 na 39.7. Saa chache baadaye chuchu inakuwa ya baridi mkononi. Ngozi inageuka kutoka nyekundu kwenda zambarau kisha bluu iliyokolea, na inayotoka ukikamua si maziwa tena bali maji mekundu, wakati mwingine yakiwa na mapovu. Hiyo ni nyama inayooza mnyama akiwa hai, na mhusika mkuu ni Staphylococcus aureus, ambaye sumu yake huua mishipa ya damu ya kiwele. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Mbuzi huyu anahitaji antibiotiki ya mwili mzima, dawa ya maumivu na uvimbe, na maji mwilini. Tyubu ya chuchuni peke yake haifiki popote, kwa kuwa damu haipiti tena huko. Akipona, upande ule hukauka, ukameguka na kudondoka kwa muda wa wiki kadhaa, wala hautatoa maziwa tena.

Ukiona joto limeshuka chini ya kawaida huku mbuzi amelala na masikio ya baridi, usifurahi kwamba homa imetulia. Amezidiwa.

Sura ya nne ndiyo inayopoteza dawa nyingi bila sababu. Mbuzi amezaa, kiwele kimejaa na ni kigumu pande zote mbili kama ubao, lakini hakina joto, ngozi ni ya kawaida, na maziwa yanayotoka ni kidogo ila masafi. Katika mbuzi wenye damu ya kigeni, mshukiwa mmoja ni virusi vinavyoshambulia viungo na kiwele, ugonjwa unaofupishwa kitaalamu kuwa CAE. Katika kundi hilohilo utakuta mbuzi mkubwa mwenye magoti ya mbele yaliyovimba. Hakuna antibiotiki inayogusa virusi. Mfugaji anaweza kumaliza rafu nzima ya duka na kiwele kikabaki vilevile.

Utasikia pia kwamba mbuzi kapigwa jicho, au kwamba chuchu ichanjwe ili damu mbaya itoke. La jicho halina madhara kwa mnyama. La kuchanja lina madhara, maana kila jeraha ni njia mpya ya kuingilia.

Kikombe cheusi na sabuni ya unga

Kila ukamuaji uanze kwa kutoa michirizi miwili au mitatu ya kwanza kutoka kila chuchu, katika kikombe chenye kitambaa cheusi kilichotandazwa mdomoni, au kikombe chochote cheusi ndani. Juu ya weusi, chembe ndogo kama pumba huonekana mara moja. Juu ya plastiki nyeupe zingepita. Michirizi hiyo haimwagwi sakafuni wala viganjani. Kupaka maziwa ya kwanza mikononi ili chuchu ziteleze ni njia ya haraka ya kuwagawia mbuzi wote ugonjwa wa mmoja.

Kwa ugonjwa usioonekana, kipimo ni kile kilichobuniwa California mwaka 1957, ambacho wataalamu hukiita CMT. Maziwa kidogo huwekwa kwenye kisahani, kimiminika maalumu huongezwa kwa kiasi sawa, kisha kisahani huzungushwa taratibu. Kimiminika hicho hupasua seli, vinasaba vilivyomo hutoka na kufanya mchanganyiko uwe ute. Ute ukiwa mzito, seli ni nyingi. Bahati nzuri kwa mwenye mbuzi, vile vipande vinavyomeguka kwenye tezi kwa kawaida havina vinasaba, hivyo kipimo hiki hakidanganyiki navyo sana.

Pasipo na kimiminika cha dukani, sabuni ya unga ya kufulia inafanya kazi. Nchini Pakistan watafiti waliipima kwa ng'ombe na nyati: gramu 15 za sabuni katika nusu lita ya maji, ikorogwe hadi iyeyuke. Changanya sawa kwa sawa na maziwa ya kila upande kwenye visahani viwili tofauti, zungusha kwa karibu dakika moja, kisha tazama. Maziwa mazima hubaki majimaji. Yenye shida huwa ute au hufanya mabonge. Ute mwepesi pande zote mbili kwa mbuzi anayekaribia kukauka si habari. Ute mzito upande mmoja na maji upande mwingine ni habari, na uandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Rudia baada ya wiki moja au mbili kabla ya kuhukumu.

Maziwa yaliyotiwa sabuni yamwagwe, na kisahani kioshwe mbali na vyombo vya jikoni. Ni la kusema kwa sababu katika nyumba nyingi visahani ni vilevile.

Sampuli kwanza

Tofauti ya kutibu kwa kubahatisha na kutibu kwa kujua ni mililita tatu hadi tano za maziwa, zilizochukuliwa kabla ya dawa yoyote kuingia. Kazi yenyewe ni rahisi ila inataka unadhifu. Chuchu ioshwe na ikaushwe kabisa. Ncha yake ifutwe kwa pamba yenye spiriti hadi pamba itoke safi. Michirizi ya kwanza itupwe. Chupa iliyochemshwa au ya maabara ishikwe kwa kuinamishwa, ili vumbi na manyoya yasidondokee ndani, na kifuniko kishikwe mkononi kikitazama chini bila kugusa kitu. Andika namba ya mbuzi, upande na tarehe. Iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya siku moja. Kama haitafika, igandishwe.

Tanzania kuna vituo vya Wakala wa Maabara ya Veterinari, vikiwemo vya Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Iringa, na Morogoro kuna maabara za Sokoine. Kenya kuna Kabete na maabara za kanda kama Karatina, Nakuru na Mariakani. Ofisi ya mifugo ya wilaya au kaunti ndiyo njia fupi ya kufika huko. Wafugaji wa kijiji kimoja wakikusanya sampuli zao kwenye kasha moja la barafu, nauli inakuwa ya kugawana.

Maabara, fundi hupaka maziwa kwenye sahani bapa yenye chakula cha bakteria na kuiacha kwenye joto usiku kucha. Vidoa vikishaota na kutambuliwa, huchukua bakteria wale na kuwatandaza upya kama utando, kisha hupanga juu yake vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Asubuhi yake sahani inasomeka hata kwa asiye na elimu ya maabara. Kuzunguka karatasi moja mna duara safi, bakteria wamekufa au wameshindwa kuota. Kuzunguka nyingine utando umeota hadi ukagusa ukingo wa karatasi, kana kwamba hapakuwekwa kitu. Dawa hiyo ya pili ndiyo mfugaji angeinunua kwa mazoea.

Mahali pasipofikika maabara, picha ya kundi husaidia. Sampuli za mbuzi watano au sita mara moja kwa mwaka zinaonyesha bakteria gani anatawala banda hilo, na daktari anaweza kuagiza dawa kwa kuzingatia hilo siku ya dharura.

Usugu unavyoingia bandani

Penisilini huua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Baadhi ya stafilokoka hutengeneza kimeng'enya kinachoikata penisilini kabla haijafika kazini. Maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho mara nyingi yamo kwenye kipande cha vinasaba kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, hata wa aina tofauti. Dawa inapoingia kidogo au kwa siku chache, wanaokufa ni wanyonge. Wenye kinga hubaki na nafasi yote ya kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili katika hotuba yake ya Nobel, Desemba 1945, wakati dawa yenyewe ilikuwa bado mpya mitaani.

Katika ukanda huu, dawa inayotumika ovyo kuliko zote pengine ni oksitetrasaiklini. Mbuzi akikohoa, anachomwa. Akiharisha, anachomwa. Akikwama kuzaa, akiumwa kwato, akikosa hamu ya kula kwa sababu ya minyoo, chupa ni ileile. Kiwele kinapougua, bakteria wa mnyama yule wameshakutana na dawa hiyo mara nyingi. Hakuna wa kushangaa maabara zikikuta stafilokoka wa maziwa wanaohimili tetrasaiklini na penisilini.

Usugu haukai bandani. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walieleza jeni mpya ya kuhimili antibiotiki ya methisilini iliyokutwa kwa stafilokoka wa maziwa ya ng'ombe, na jeni hiyohiyo ikakutwa kwa wagonjwa binadamu. Makadirio yaliyochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2022 yalisema watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na kanda iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu ilikuwa Afrika Magharibi, kusini mwa Sahara. Serikali nyingine zimebana. Tangu Januari 2022 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuwapa mifugo antibiotiki kama mazoea ya kukinga, na tangu Juni 2023 mfugaji wa Marekani hawezi kununua bila cheti cha daktari hata penisilini aliyokuwa akiichukua rafuni. Kwetu kanuni zipo pia, lakini mlango wa duka bado uko wazi, kwa hiyo breki iliyobaki ni ya mfugaji mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya dawa kushindwa ambayo si usugu wa vinasaba. Staphylococcus aureus hujificha ndani ya seli za mwili, hujifunika utando, na hujengewa makovu magumu yanayozuia damu kufika. Maabara itasema dawa inamuua, na kwenye sahani inamuua kweli, ila ndani ya kiwele chenye mabonge magumu ya miezi haimfikii. Kubadilisha dawa ya tatu na ya nne kwa kiwele cha namna hiyo ni kuwafundisha vimelea dawa zote nne.

Sefalosporini za kizazi cha tatu na dawa za jamii ya enrofloksasini zisiguswe bila daktari kuona majibu ya maabara. Shirika la Afya Duniani limeziweka miongoni mwa dawa zilizo muhimu mno kwa binadamu. Duka likimpa mfugaji kwa maneno kwamba hii ndiyo kali kuliko zote, huo ukali ndio sababu ya kuiacha.

Dozi, uzito na chupa iliyokaa juani

Kosa la kawaida kuliko yote ni kukisia uzito. Tuseme chupa imeandikwa mililita 1 kwa kila kilo 10. Mfugaji anamtazama mbuzi, anasema huyu ni kilo 30, anavuta mililita 3. Mbuzi ana kilo 45. Amepewa theluthi mbili ya dozi, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Mizani ikikosekana, utepe wa fundi cherehani unatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Pima urefu kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa matako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, halafu gawa kwa 10,840. Mbuzi mwenye kifua cha sentimita 80 na urefu wa 72 ana takriban kilo 42 na nusu. Wapo watakaocheka kumwona mtu akimpima mbuzi kama anamshonea koti. Wacheke.

Siku za tiba ni zile alizoandika daktari, hata kama maziwa yamesafika siku ya pili. Tyubu ni moja kwa upande mmoja kwa mara moja, haigawanywi wala haihifadhiwi. Kabla ya kuiingiza, kamua upande ule hadi uishe, futa ncha ya chuchu kwa spiriti, na ingiza ncha kidogo tu, milimita chache, badala ya kuisukuma yote na kupanua tundu. Ncha chafu inaweza kuingiza fangasi, na fangasi hawasikii antibiotiki yoyote.

Halafu kuna suala la jokofu. Penisilini nyingi za sindano zinatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Chupa iliyokaa wiki tatu kwenye rafu inayopigwa na jua la mchana inaweza kuwa imeisha nguvu hata kama tarehe yake haijafika. Mnunuzi ana haki ya kuuliza ilikuwa imehifadhiwa wapi, na ana haki ya kuondoka.

Antibiotiki ikiwa kazini, mikono isikae. Upande unaougua ukamuliwe mara nyingi zaidi kwa siku, baada ya kukandwa kwa maji ya uvuguvugu, ili usaha, sumu na vimelea vitoke. Kwa maambukizi mepesi, kazi hii ni nusu ya tiba.

Maziwa ya mbuzi anayetibiwa

Kuchemsha huua bakteria, lakini hakuondoi mabaki ya dawa nyingi. Hakuondoi pia sumu ambayo aina fulani za stafilokoka huiacha kwenye maziwa yaliyokaa joto muda mrefu. Mtengeneza mtindi ndiye anayegundua wa kwanza: ametia kimea, amefunika, na kesho yake anakuta maziwa yako vilevile, matamu na mepesi, kwa sababu penisilini iliyomo imewaua bakteria wa kugandisha. Mbuzi mmoja akichanganywa kwenye ndoo ya kikundi anaharibu ndoo nzima.

Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa nyingi ni za ng'ombe. Kwa miaka mingi kanuni za Ulaya ziliweka kiwango cha chini pale dawa inapotumika kwa mnyama ambaye haikusajiliwa kwake: siku 7 kwa maziwa na 28 kwa nyama, zikihesabiwa tangu dozi ya mwisho. Ni kipimo kizuri cha kuanzia mazungumzo na daktari, naye aweza kuongeza. Maziwa hayo wasipewe watoto wa mbuzi, maana hukuza bakteria sugu matumboni mwao. Yamwagwe kwenye shimo mbali na kisima. Mbuzi anayetibiwa afungwe utepe mwekundu shingoni au mguuni, ili hata mtoto anayekamua siku baba hayupo ajue.

Mikono, sakafu na foleni ya kukamua

Banda la kuinuliwa lenye sakafu ya fito zilizoachana kidogo, kinyesi kikidondoka chini, huzuia maambukizi mengi kuliko chupa yoyote. Fito zilizooza na kushika mkojo zibadilishwe. Misumari iliyochomoza ipigwe nyundo.

Mkamuaji anaosha mikono kwa sabuni kabla ya kuanza na baada ya kila mbuzi mwenye shida. Kitambaa cha kukaushia ni kimoja kwa mbuzi mmoja, na hufuliwa na kuanikwa juani. Kitambaa kimoja kinachozunguka banda zima ni kibaya kuliko kutofuta kabisa. Chuchu hubanwa kutoka juu kwenda chini kwa vidole, haivutwi. Mafuta ya kukamulia yasichotwe kwa vidole vilevile kwenye kopo la wote.

Baada ya kukamua, kila chuchu ichovywe kwenye kikombe chenye dawa ya iodini iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu, ya kiwango cha karibu asilimia 0.5. Kisha mbuzi apewe majani akiwa amesimama. Tundu la chuchu huchukua karibu nusu saa kujifunga, na mbuzi anayekula halali.

Foleni nayo ni dawa. Waanze waliozaa mara ya kwanza, wafuate wazima wakubwa, wamalizie wenye ute mzito kwenye kisahani, na mwisho kabisa anayetibiwa. Watoto wasihamishwe kunyonya kwa mama tofauti, kwani hubeba vimelea mdomoni kutoka kiwele hadi kiwele. Watoto wenye vidonda vya midomo wanywe kwa chupa, maana vidonda hivyo huhamia kwenye chuchu na kufungua njia.

Dhidi ya CAE, kinga iko kwenye dang'a. Wanorwe, ambao mbuzi wao ndio babu wa wengi wa Mgeta, walianza mwaka 2001 mpango wa kitaifa wa kuusafisha ugonjwa huu pamoja na mengine mawili. Mtoto huondolewa mara anapodondoka, kabla hajanyonya, na kupewa maziwa salama. Mfugaji mdogo anaweza kupasha dang'a kwa nyuzi 56 kwa saa nzima, kwa kipimajoto na sufuria ndani ya maji ya moto. Ukizidisha joto, dang'a huganda na kinga yake hufa.

Wakati wa kukausha, na wakati wa kuachana

Mbuzi hubeba mimba karibu siku 150, na anapaswa kuacha kukamuliwa miezi miwili ya mwisho. Punguza pumba siku chache, kisha acha kukamua, chovya chuchu kwenye iodini na uzitazame kila siku kwa wiki mbili. Kipindi hiki ndicho bora cha kutibu maambukizi ya kimyakimya, kwa sababu dawa hubaki kiweleni bila kukamuliwa nje. Tibu upande uliothibitishwa tu. Kumwekea kila mbuzi tyubu eti kwa usalama ni mazoea yaleyale ambayo Ulaya imeyakataza.

Daftari ndilo litakalosema nani aende. Mbuzi aliyetibiwa mara mbili au tatu kwa upande uleule, mwenye mabonge magumu ndani ya kiwele, au ambaye maabara imemkuta na Staphylococcus aureus baada ya tiba kamili, ni chanzo cha vimelea kwa wenzake hata kama bado anajaza chupa. Jina lake na mapenzi ya watoto wa nyumba kwake visihesabiwe. Aende kwa mchinjaji, siku za dawa zikiwa zimepita zote, na muuzaji amwonyeshe mnunuzi tarehe ya sindano ya mwisho. Asipelekwe mnadani akauzwe kama mbuzi wa maziwa kwa mfugaji anayeanza, ambaye atamwingiza bandani pamoja na wazima na kumkamua wa kwanza.